Moli za Kusini mwa Marekani: Nani Aliziua?

(Mhadhara kwa umma, Dar es Salaam. Umechapishwa kama ulivyotolewa, pamoja na marekebisho machache ya lugha.)

Wale waliokuja wakitarajia habari za hapa nyumbani watanisamehe, maana watazipata kidogo, tena kwa kupitia. Jioni hii naomba tutazame Georgia, Alabama, Tennessee, Mississippi, Louisiana na Carolina Kaskazini, na huko tusitazame miji mikubwa inayofahamika.

Lengo langu ni moja. Kila inapotajwa habari ya moli za Marekani kufungwa, jibu hutoka haraka: intaneti. Watu wananunua kwa simu, nani ahangaike kwenda dukani? Jibu hilo lina ukweli kiasi, lakini lina hasara kubwa zaidi, kwa sababu linatufanya tuamini kwamba moli zilikufa kama mvua inavyonyesha, bila ya mtu kuamua lolote. Mimi nadai kwamba waliamua watu. Moli za miji ya kati ya Kusini ziliuawa na mambo yaleyale yaliyozizaa: sheria ya kodi, barabara kuu, mikataba ya upangaji, na hofu ya watu weupe kukaa karibu na watu weusi. Intaneti ilifika baadaye.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Kwa moli nakusudia jengo moja kubwa lililofunikwa juu, lenye kiyoyozi, ambalo maduka yake yanatazamana kwa ndani. Kwa nje unaona ukuta usio na madirisha na maegesho ya magari elfu kadhaa. Kila ncha ya jengo ina duka kuu, lile lenye nguo, viatu, vyombo na samani chini ya paa moja, na katikati ndipo zinapopangwa fremu ndogo ndogo. Na kwa mji wa kati nakusudia mji wenye wakazi laki moja na nusu hadi laki tatu hivi: Greensboro, Augusta, Macon, Montgomery, Knoxville, Jackson, Baton Rouge. Atlanta na Charlotte nitazitaja kwa kulinganisha tu.

Mtindo huu ulibuniwa na msanifu majengo Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938. Moli yake ya Southdale ilifunguliwa Oktoba 1956 huko Edina, Minnesota, jimbo la barafu, na ndiyo ya kwanza kufunikwa kabisa. Gruen alitaka kuwapa Wamarekani wa vitongojini uwanja wa mji kama ule wa Vienna: watu watembee, wakae, wanywe kahawa, na pembeni pawe na nyumba, shule na hospitali. Wawekezaji walichukua maduka na maegesho, hayo mengine wakayaacha kwenye michoro. Mzee huyo alirudi Vienna, na kabla ya kufa mwaka 1980 aliwaambia watu hadharani kwamba hahusiki na walichokifanya waliomwiga.

Kusini, miongoni mwa moli za kwanza za aina hiyo ilikuwa Charlottetown Mall, iliyojengwa na James Rouse mjini Charlotte na kufunguliwa mwaka 1959. Huko tatizo halikuwa baridi. Mwezi Julai katika Georgia au Alabama ni joto na unyevu ambao sisi wa Pwani tunaufahamu vizuri, na mwaka 1960 nyumba nyingi za Kusini bado hazikuwa na kiyoyozi. Mtu alikwenda moli kununua soksi, akakaa saa nne kwa sababu ya ubaridi. Wazee walifika asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, wakazunguka ukumbini kwa mazoezi. Vijana walikutana humo Ijumaa jioni. Nayasema haya mapema ili nisieleweke vibaya: moli zilipendwa, na waliozipenda hawakuwa wajinga.

1. Tarehe zinaikataa hadithi ya intaneti

Amazon ilianza kuuza vitabu mwaka 1995. Sasa tazameni. Carolina Circle Mall ya Greensboro ilifunguliwa 1976 na kufungwa 2002. Regency Mall ya Augusta ilifunguliwa 1978, nayo ikafungwa 2002. Katika mwaka huo wa 2002, kwa takwimu za serikali ya Marekani yenyewe, biashara ya mtandaoni haikufika asilimia 2 ya mauzo yote ya rejareja. Montgomery Mall, iliyofunguliwa 1970 katika mji mkuu wa Alabama, ilifungwa 2008. Hapo mauzo ya mtandaoni yalikuwa bado chini ya asilimia 4. Biashara inayochukua shilingi nne katika kila mia haiwezi kufunga jengo la maduka zaidi ya mia moja. Tena moli hizi hazikufa ghafla. Zilikuwa zimeanza kuugua miaka kumi na zaidi kabla ya kufungwa, wakati ambapo wengi wa wateja wake walikuwa hawajawahi kununua kitu mtandaoni.

Sikatai kwamba intaneti iliumiza. Kampuni ya maduka makuu ya Sears iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Oktoba 2018, JCPenney Mei 2020, na kampuni ya CBL ya Chattanooga, iliyokuwa ikimiliki moli nyingi za miji ya kati ya Kusini, ikafuata Novemba 2020, korona ikiwa imepamba moto. Lakini ukifuatilia Amazon ilifanya nini hasa Kusini, utakuta jambo la kuchekesha kidogo. Knoxville Center, moli iliyofunguliwa 1984 kwa jina la East Towne, ilifungwa mwanzoni mwa 2020, ikavunjwa, na pale pale Amazon ikajenga ghala. Cortana Mall ya Baton Rouge, iliyofunguliwa 1976 na kuhesabiwa wakati wake miongoni mwa moli kubwa kabisa za Kusini, ilifungwa 2019. Nako sasa kuna ghala la Amazon. Kiwanja kikubwa kilichokwisha kusawazishwa, chenye umeme, maji, na mlango wa barabara kuu, kwa bei ya mali iliyokufa: nani angekiacha? Amazon ilifika huko ikiwa mnunuzi wa kiwanja.

2. Zilijengwa nyingi kuliko wateja, na kodi ndiyo iliyochochea

Hapa nawaomba uvumilivu, hasa wasiopenda hesabu. Mwenye jengo la biashara huruhusiwa kupunguza, katika mapato yanayotozwa kodi, sehemu ya thamani ya jengo kila mwaka kwa kuwa jengo linachakaa. Chukua jengo la bilioni 40 linalohesabiwa kudumu miaka 40. Kwa njia ya kawaida unapunguza bilioni moja kila mwaka. Mwaka 1954 Bunge la Marekani liliruhusu majengo mapya yahesabiwe kuchakaa kwa kasi mara mbili katika miaka ya mwanzo. Mwaka wa kwanza unapunguza bilioni mbili. Fedha za kodi ya pango zinaingia mfukoni, lakini kwenye vitabu unaonekana umepata hasara, na hasara hiyo unaweza kuitumia kupunguza kodi ya biashara zako nyingine. Majengo ya zamani yaliyonunuliwa hayakupewa kasi hiyo yote. Baada ya miaka kadhaa nafuu inapungua, basi unaliuza jengo, unakwenda kujenga jingine. Mchezo huo uliendelea kwa sura mbalimbali hadi sheria ya kodi ya 1986 ilipoubana.

Mnaona maana yake. Mtu anaweza kujenga moli hata kama mji hauna wateja wa moli hiyo, kwa kuwa faida yake haitegemei wateja peke yao. Na ukarabati wa maduka ya zamani katikati ya mji haukumvutia kwa kiasi hicho. Ongeza sheria ya barabara kuu ya 1956, ambayo ilifanya serikali ya shirikisho ilipe asilimia 90 ya gharama ya barabara za kuunganisha majimbo, na utaelewa kwa nini kila makutano ya barabara nje ya mji yalimvutia mwekezaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Augusta, Georgia. Mwishoni mwa Julai 1978 mji huo ulipata Regency Mall, iliyojengwa na kampuni ya Edward DeBartolo ya Ohio. Haikupita hata wiki mbili, mwanzoni mwa Agosti, ikafunguliwa Augusta Mall ya kampuni ya Rouse, yule yule wa Charlotte. Mji mmoja wa kati, moli mbili, ndani ya majuma mawili! Hakuna aliyewauliza watu wa Augusta kama wana miguu ya kutosha kukanyaga sakafu zote hizo. Ya kwanza kufa ilikuwa Broad Street, ile barabara pana ya katikati ya mji, ambayo maduka yake makubwa yalihamia moli na kuacha majengo matupu yakitazamana. Kisha moli zenyewe zikaanza kulana. Miaka 24 baadaye Regency ilikuwa imefungwa, na gofu lake likabaki hapo miaka mingi, mji ukiwa haujui ulifanyie nini.

3. Rangi

Nimekuwa nikisoma maandishi ya wafanyabiashara wa moli kwa muda mrefu, na neno hili hulioni. Utaona "mabadiliko ya wakazi", "hali ya usalama", "mtazamo wa wateja". Tuzungumze waziwazi.

Tarehe 1 Februari 1960 vijana wanne weusi wa chuo cha North Carolina A&T, yaani Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, waliingia duka la Woolworth katika South Elm Street, katikati ya Greensboro. Walinunua vitu vidogo vidogo, fedha zao zikapokelewa. Halafu wakaketi kwenye kaunta ya chakula wakaagiza kahawa, wakanyimwa, kwa kuwa kaunta ilikuwa ya watu weupe. Hawakuondoka mpaka duka lilipofungwa. Kesho yake walirudi na wenzao. Baada ya siku chache walikuwa mamia, na kwa wiki chache jambo hilo lilikuwa limeenea Kusini nzima. Julai mwaka huo Woolworth ya Greensboro ilianza kuwahudumia watu weusi. Mwaka 1964 Sheria ya Haki za Kiraia ilikataza ubaguzi huo katika nchi nzima.

Fikirini hesabu ya wakati. Katikati ya mji, ambako mtu mweusi alikuwa amepigania haki ya kuketi na kula, palianza kumkubali katika miaka ya 1960. Katika miaka ya 1970 maduka yakahama. Sisemi kila mwenye duka alihama kwa chuki. Wengi waliwafuata wateja wao, na wateja wao weupe walikuwa wamekwisha hamia vitongojini, ambako mikopo ya nyumba iliwaendea wao na kuwapita majirani zao weusi. Lakini matokeo ni yale yale. Duka lililofikika kwa miguu na kwa basi likawa duka la mwenye gari. Montgomery ilikuwa na duka liitwalo Montgomery Fair katikati ya mji. Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha mtu mweupe kiti ndani ya basi, alikuwa fundi wa kurekebisha nguo humo, na siku ile ya Desemba 1955 alipanda basi akitoka kazini hapo. Kazi ya namna hiyo ilipohamia kando ya barabara kuu, mtu wa basi aliachwa.

Kisha ubaguzi ukazifuata moli zenyewe. Greensboro ilijengewa mbili kwa mfululizo: Four Seasons mwaka 1975, kusini-magharibi, kando ya barabara kuu namba 40, na Carolina Circle mwaka 1976, kaskazini-mashariki, upande ambao familia nyingi za watu weusi zilikuwa zikiishi na nyingine zikizidi kuhamia. Ya pili ilikuwa na uwanja wa kuteleza kwenye barafu, jambo la ajabu katika mji wa joto. Four Seasons ingali hai. Carolina Circle ilipoteza maduka yake makuu moja baada ya jingine, ikavunjwa, na eneo lake likachukuliwa na Walmart. Wako wanaosema sababu ilikuwa harufu, kwa kuwa jaa la taka la mji lilikuwa upande huo huo. Sawa, harufu ilikuwapo. Lakini jaa la taka kuwekwa karibu na makazi ya watu weusi nako ni uamuzi uliofanywa na watu, si kazi ya upepo.

Augusta ni hivyo hivyo. Regency ilikaa kwenye makutano ya Gordon Highway na Deans Bridge Road, kusini mwa mji. Mshindani wake alikaa Wrightsboro Road, kando ya barabara ya mchepuko, karibu na vitongoji vilivyokuwa vikikua upande wa magharibi. Vitongoji vya kusini vilipozidi kuwa vya watu weusi, uvumi wa wizi ukatangulia wizi wenyewe, na wawekezaji wakausikiliza uvumi. Macon nayo ilikuwa na Macon Mall tangu 1975 katika Eisenhower Parkway, upande wa magharibi, na mwaka 1997 iliongezwa sehemu mpya kubwa. Mwaka 2008 pakafunguliwa River Crossing, maduka ya wazi yasiyofunikwa, kaskazini, ambako wenye kipato kikubwa walikuwa wamejenga. Maduka makuu ya Belk na Dillard's yakawa huko. Fedha za Macon hazikuwa zimeisha, zilikuwa zimesogea maili chache tu.

4. Uwanja wa mji ulipogeuka mali ya kampuni

Turudi kwa vijana wa Greensboro: walikuwa ndani ya duka la mtu, ni kweli. Lakini wenzao waliowaunga mkono walisimama nje na mabango, kwenye njia ya waendao kwa miguu ya Elm Street, na njia hiyo ilikuwa ya umma. Kwa katiba, polisi hawakuwa na haki ya kuwaondoa kwa sababu tu ya kusimama.

Januari 1971 wafanyakazi wa ghala la kampuni ya viatu ya Butler waligoma. Wachache wao walikwenda na mabango mbele ya duka la kampuni hiyo ndani ya North DeKalb, moli iliyokuwa pembezoni mwa Atlanta. Meneja wa moli aliwatishia kwamba watakamatwa, wakaondoka. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1976, katika shauri la Hudgens, mwenye moli hiyo, mahakama iliamua kwamba haki ya kikatiba ya kusema haimfungi mwenye moli: hapo ni kwake. Hivyo mahali ambapo mji mzima ulikuwa ukikutana palikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliweza kumtoa nje asiyemtaka. Baadaye moli nyingi ziliweka masharti kwamba kijana asiingie jioni bila mtu mzima, na kila mtu alifahamu ni vijana gani wangeulizwa kwanza.

Wanafunzi mlioko nyuma, mkitoka hapa jaribuni kusimama ndani ya moli yoyote ya hapa Dar es Salaam na kugawa vipeperushi, hata vya mechi ya mpira. Mlinzi atakufikieni kabla hamjamaliza vitano. Na hana kosa, ametumwa.

5. Mkataba wa duka kuu

Hili nalieleza kwa ajili ya wanasheria na wenye fremu. Duka kuu katika moli mara nyingi halilipi kodi ya pango kama wengine. Limevutwa kwa bei ndogo sana, au linamiliki kipande chake cha ardhi, kwa sababu ndilo linaloleta watu. Anayebeba moli ni mwenye fremu ndogo, kwa kodi ya juu kwa kila mita. Naye kwa kujikinga huandika katika mkataba wake kwamba duka kuu likiondoka, kodi yake itapungua, au ataruhusiwa kuondoka. Mnaona kinachofuata. Duka kuu moja likifunga, mapato ya moli nzima yanashuka siku hiyo hiyo, mwenye moli anashindwa kulipa benki, fremu zinabaki tupu, na duka kuu la pili linapata sababu ya kuondoka. Kisha mji ukitaka kununua jengo unakuta lina wamiliki watatu au wanne, kila mmoja na sauti yake hata juu ya maegesho.

Na maduka makuu ya miji ya Kusini hayakuwa tena ya miji yenyewe. J. B. White lilizaliwa Augusta katika karne ya 19. Liliishia kuwa mali ya kampuni ya Mercantile, na mwaka 1998 Dillard's ya Arkansas ikainunua Mercantile yote. Jina la J. B. White likafutwa. Gayfers na Castner Knott yalifutwa katika ununuzi huo huo. Rich's la Atlanta, la tangu 1867, likawa Macy's mwaka 2005. Mji uliokuwa na maduka makuu manne ya majina manne ukajikuta na mawili ya mwenye mmoja, na mwenye huyo akafunga moja. Montgomery Ward, ambayo ilikuwa na duka Carolina Circle na Regency pia, ilitangaza kufunga shughuli zake zote Desemba 2000. Uamuzi ulifanyika Chicago, na moli zile mbili zilizokuwa hoi hazikufika mbali baada yake.

Wenzetu wa Nairobi wanaijua hadithi hii bila kwenda Georgia. Nakumatt, kampuni ya supamaketi, iliposhindwa kuwalipa wenye majengo na wasambazaji mwaka 2017, moli zilizokuwa zimejengwa kuizunguka zilihangaika kutafuta mbadala wa kushika nafasi hiyo, na mwenye kibanda cha simu ndani yake aliona wateja wakipungua siku kwa siku.

Mtaniuliza: kwa nini basi Lenox Square ya Atlanta, ya 1959, na SouthPark ya Charlotte, ya 1970, zinajaa watu mpaka leo? Kwa sababu mji mkubwa una matajiri wa kutosha kuilisha moli ya bei ghali, na duka kuu likiondoka lingine linagombania nafasi. Mji wa kati unaweza kulisha moli moja. Ukipewa mbili, umepewa gofu moja.

6. Kilichofuata

Magofu hayo yamepata matumizi, na hapa naona mafunzo makubwa kuliko katika vifo vyenyewe. Jackson Mall, katika mji mkuu wa Mississippi, ilifunguliwa 1970 ikapoteza wateja baada ya Metrocenter, kubwa kuliko zote za jimbo hilo, kufunguliwa 1978. Katikati ya miaka ya 1990 Dkt. Aaron Shirley, daktari wa watoto na mpigania haki wa miaka mingi, alilitazama jengo lile tupu lililozungukwa na nyumba za maskini akaona kliniki. Kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi, Chuo Kikuu cha Jackson State na Chuo cha Tougaloo vikashirikiana, na moli ikawa Jackson Medical Mall. Metrocenter iliyoiua imekwisha kufungwa. Kituo kile kinaendelea kupokea wagonjwa. Nashville ilifuata njia hiyo: kliniki za Chuo Kikuu cha Vanderbilt zilihamia ghorofa ya juu ya moli ya One Hundred Oaks mwaka 2009. Montgomery iliweka polisi, zimamoto na shule katika moli yake.

Macon imechagua njia nyingine. Mwaka 2021 kampuni ya Hull ya Augusta, inayonunua moli zilizochoka, iliitoa Macon Mall kwa serikali ya mji. Serikali ikakopa kwa hati fungani, ikajenga ukumbi wa wazi wa muziki wenye nafasi ya watu kama elfu kumi, uliofunguliwa 2024, na ndani ya moli pakawekwa viwanja 32 vya pikoboli, mchezo unaofanana na tenisi ya watu wasiotaka kukimbia sana. Ofisi kadhaa za serikali nazo zimehamia humo. Mimi nina wasiwasi. Tamasha huja usiku mmoja likaondoka, na deni hukaa. Lakini nakiri kwamba Eisenhower Parkway ina taa tena, na kwa mwenye duka la jirani hilo si dogo.

Kuna watu wengine ambao takwimu haziwaoni. Wakimbizi wa Kongo waliopelekwa Greensboro, Lexington na miji mingine ya ukubwa huo wamepeleka Kiswahili Kusini mwa Marekani. Wao na wahamiaji wengine hupanga vijiduka vya zamani vya kando ya barabara, vile vilivyotelekezwa na wafanyabiashara weupe, kwa sababu kodi yake ni ndogo na hakuna masharti ya duka kuu. Huko unapata unga, samaki mkavu, vitenge, kinyozi na mahali pa kutuma fedha nyumbani. Nikiulizwa biashara ya rejareja ya miji hiyo inaelekea wapi, ningetazama huko kabla ya kutazama ukumbi wa muziki.

Namalizia kwa ninyi waheshimiwa madiwani, maana wasanifu na wawekezaji watajitetea wenyewe. Maombi ya vibali vya moli mpya yataendelea kufika mezani kwenu, kila moja na picha nzuri ya rangi. Kabla ya kupiga kura nawaomba mwulize mambo manne. Mtake kuona mkataba wa duka kuu: litalipa nini, na likiondoka nini kitatokea. Mwulize kama mji una wateja wa moli hiyo pamoja na ile iliyopo, na jibu litoke kwa mtu asiyelipwa na mwombaji. Mdai kituo cha daladala mlangoni na njia ya umma inayopita katikati ya jengo, iliyoandikwa katika hati, ili siku moja asitokee meneja wa kuifunga. Na mweke sharti kwamba jengo likikaa tupu kwa muda mtakaoutaja, halmashauri ipate haki ya kulinunua kwanza, lote, chini ya hati moja. Kwa Augusta nafasi hiyo ilipita mwaka 1978. Ninyi bado mna nafasi, na kikao cha mipango miji ni chenu.